Jumba la Sinema la Mbayuwayu

Palupi, mwanafunzi wa filamu, alikuwa amebakiwa na jumba moja tu la sinema la zamani la kuomba. La kwanza walilikuta limejaa makabati na vitanda vya kuuza. La pili lilikuwa ukumbi wa harusi, kuta zimepakwa rangi ya waridi mpaka jicho linauma. La tatu, wapi, hata tofali halikubaki. Pikipiki zimeegeshwa pale palipokuwa na viti. Na kesho asubuhi mwalimu wake wa filamu alitaka jibu: unapigia wapi? Asiye na mahali hana filamu. Kamera angepewa mwenzake, naye Palupi angemshikia mwenzake huyo kipaza sauti mpaka mwaka uishe.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mzee aliyekuwa akionyesha sinema katika mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, mji kama huu. Mwishoni mzee anarudi, anawasha mashine yake kwa mara ya mwisho, na mwali wa mwanga unapita juu ya viti vitupu. Mwali huo Palupi alikuwa ameuota muda mrefu. Bila huo, alikuwa akisema, sina filamu, nina mzee anayetembea tu.

"Huyo mama mwenye jumba ni mkali?" aliuliza Gilang, mpiga kamera wake, akiegesha pikipiki.

"Ni mjane, anaitwa Bu Sumirah. Kaa na adabu, usianze mizaha yako."

"Adabu gani tena? Nimeoga, nimechana nywele, nimejimwagia marashi ya kaka yangu. Hapa hata mke wananipa bila posa!"

Ndivyo walivyolelewa. Kwao mtu haendi nyumba ya watu kuomba jambo huku ananuka jasho la safari. Basi adabu hiyo hiyo ndiyo iliyowaponza.

Bu Sumirah, yaani Mama Sumirah, alitoka na tabasamu pana, akawakaribisha kwa mikono miwili. Kisha pua yake ikakunjamana.

"Karibu, Nduk, karibu mwanangu. Huyu mwenzako kaoga maji au kaoga duka?"

Gilang akainama. "Ni kwa heshima yako, Bu."

"Heshima yangu nimeipokea, Mas, kijana wangu. Lakini wenye nyumba hawaitaki. Wakiinusa watahama, wasirudi wao wala vitukuu vyao."

"Kumbe jumba si lako?"

Mama akacheka. "Nikutegee kitendawili. Fundi wangu hana udongo, hana maji, hujenga kwa mate yake. Na nyumba yake matajiri huinywa supu."

"Mbayuwayu!" akadakia Palupi, maana hilo hata mtoto wa mji ule asingelikosa.

Ndiyo hivyo. Sinema ilipokufa, marehemu mume wa Bu Sumirah aliziba madirisha kwa tofali, akaacha tundu moja tu juu, upande wa magharibi, katika chumba cha mashine ya sinema, akaweka darini vipaza sauti vya kuwaita ndege kwa sauti za ndege wenzao. Wakaja. Viota vyao, vilivyouzwa kwa wapishi wa supu ya matajiri, vikawasomesha watoto, vikawaoza, na mpaka leo ndivyo vinavyompikia mama huyu wali.

Gilang akapelekwa kisimani. Akasuguliwa kwa majivu, akamwagiwa maji, akanuswa, akarudishwa tena. Mwisho Bu Sumirah akaleta kopo la tope jeusi.

"Jipake shingoni na mikononi."

"Bu, samahani, lakini hiki si... kinyesi?"

"Ndicho. Hayo ndiyo marashi yao."

Palupi alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya mkwe, posa yako imekubaliwa!"

Kisha ikaja chai, ikaja na ndizi za kukaanga, Palupi akasimulia filamu yake na mzee wake, na mgeni mwenye adabu hanywi kabla mwenyeji hajamwambia anywe, wala hamalizi kwa pupa. Walipofikia mlango wa jumba, jua lilishalala upande.

"Upesi," mama alisema. "Mchana wamekwenda kutafuta chakula. Wakianza kurudi, mlango huu haufunguliwi mpaka watulie."

Ndani kulikuwa giza zito lenye harufu kali ya kuwasha macho. Polepole vitu vikajitokeza: safu za viti vyenye kutu, ukuta mpana mbele palipokuwa na pazia la sinema, na juu kabisa, ukutani nyuma, kidirisha kidogo cha chumba cha mashine. Kwenye boriti zote viota vilining'inia kama nusu za vikombe. Palupi alihisi nywele zikimsimama. Ndipo penyewe.

"Gilang, taa moja tuiweke pale, nyingine kule juu, tuwashe ule mwali..."

"Taa?" aliuliza Bu Sumirah.

"Mbili tu, Bu. Kwa muda mfupi sana."

"Hapana, Nduk. Humu haijawaka taa tangu waje."

Watu wa huko hawamwambii mgeni hapana. Humwambia tutaona, humwambia labda, naye mgeni hujiondokea mwenyewe. Bu Sumirah alilisema neno lile kwa upole, lakini alilisema zima. Palupi akajua hakuna pa kubembeleza.

"Twende tukachukue ule wa harusi," Gilang alimnong'oneza. "Tutafunika lile pinki kwa vitambaa."

Palupi alikuwa bado anakitazama kile kidirisha. Alifikiria kile kipaza sauti atakachoshika mwaka mzima.

"Nyamazeni," mama akasema. "Wamekuja. Kaeni chini, msitikisike."

Wakakaa kwenye viti vya kutu. Jua lilikuwa limeshuka likakutana sawasawa na lile tundu la magharibi. Likaingia chumba cha mashine, likatoka kwenye kidirisha, na mwali mmoja mrefu wa dhahabu ukapita juu ya vichwa vyao, vumbi likicheza ndani yake, ukaenda kutua ukutani mbele. Hakuna aliyeuwasha.

Kisha ndege mmoja akapita katika mwali. Kivuli chake kikafunguka ukutani, kikubwa kama tanga, kikapotea. Akaja wa pili. Wakaja kumi, wakaja wasiohesabika, wakimiminika kutoka kidirishani kama maji ya bomba lililopasuka, na ukuta mzima ukajaa mbawa zinazokuja, zinazozunguka, zinazopishana. Upepo wa mabawa uliwapuliza usoni. Gilang alikuwa na kamera mapajani na hakukumbuka kuigusa. Palupi alikuwa ameweka kiganja kinywani kama mtoto.

Jua likazama, ukuta ukazimika. Lakini ndege hawakukoma. Katika giza totoro zikasikika sauti ndogo, tak-tak-tak, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akilipiga giza kwa sauti yake ili limjibu ukuta uko wapi, boriti iko wapi, mwanawe yuko wapi. Hawana taa, hawana fimbo, wala hawakugongana. Hata mmoja hakuwagusa.

Walikaa hivyo mpaka kelele zilipogeuka minong'ono. Mama akawatoa nje taratibu, akafunga mlango.

"Bu," Palupi alisema, "na nikija bila taa hata moja?"

"Na huyo mzee wako atafanya nini bila kuwasha mashine?"

Palupi alitafakari. Alikuwa akiifuta kichwani sehemu aliyoipenda kuliko zote, na ajabu, haikumuuma.

"Atakuja kuwasha," alisema polepole, "atakuta imeshawashwa. Atakaa chini."

Bu Sumirah akaujaribu mlango kama umefungika. "Basi umlete kwanza akae nami jioni moja, mikono mitupu, wamzoee. Kisha njooni na kamera. Moja."

Palupi akainama, akaushika mkono wa mama akauweka kwenye paji la uso wake, kama wafanyavyo watoto kwa bibi zao.

Barabarani alitoa simu akamwandikia mwalimu: Nimepata mahali. Jibu likarudi hapo hapo. Gilang akalisoma juu ya bega lake.

"Anauliza fundi wa taa ni nani."

Palupi alimpa simu, akatazama magharibi, ambako wekundu wa mwisho ulikuwa ukififia nyuma ya mapaa.

"Mwambie ameshakwenda kulala," alisema. "Kesho atakuja mwenyewe."