Tiketi ya Mabaki

Agnes alipiga hodi kwa mlango wa uani, na jambo hilo peke yake lilimuudhi Sada kabla hajajua mgeni ni nani. Msichana alikuwa amejitanda kanga mbili kama mtu wa Lindi, lakini miguuni alivaa viatu vya visigino, na alipotoa shikamoo alikuwa anatazama nyuma.

"Marahaba. Umepotea, mwanangu?"

"Sijapotea, mama. Nimetumwa na Maftaha."

Sada alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mkono ulisimama.

Jina hilo lilikuwa halitamkwi tena ndani ya nyumba ile. Maftaha, binti yake wa kwanza, alikwenda Dar es Salaam kusomea ukarani, akaishia kwenye kikundi cha maigizo kilichoundwa baada ya Azimio ili kizunguke nchi kuwaonyesha watu ujamaa ni kitu gani. Habari zilipofika kwamba binti wa Abdurahmani anapanda jukwaani mbele ya wanaume, baba yake hakupiga kelele. Alisema tu, "Huyo sina." Tangu siku hiyo aliacha hata kumwita mkewe Mama Maftaha. Akawa Mama Hasani, kwa jina la mtoto wa pili.

Agnes, mwenzake Maftaha kikundini, alieleza upesi upesi. Kikundi kilikuwa kimefika jana kwa lori. Mchezo ungekuwa leo saa kumi, mchana kweupe, maana jenereta ya ukumbi ilikuwa mbovu. Maftaha alimwomba mama yake aje kwa mlango wa nyuma, ajifunike buibui vizuri, akae pembeni ya pazia.

"Mzee hatajua," Agnes alisema. "Na hutatoa hata senti."

"Mwanangu ameiba?"

"La, mama."

"Kuna mtu amemuua?"

"Mama!"

"Basi kwa nini niende kumtazama kwa kunyata? Mwambie nashukuru. Nitaingia kwa mlango wa mbele, na tiketi yangu mkononi."

Kusema kulikuwa rahisi. Tiketi ya kiti ilikuwa ya watu wenye mshahara, na pesa za mayai alizofunga Sada kwenye pindo la kanga zilifika nusu tu. Lakini ukumbi ulikuwa na desturi yake, na mji mzima uliijua. Tiketi ambazo hazijachukuliwa hadi adhuhuri ya siku yenyewe ya mchezo ziliuzwa nusu bei kwenye dirisha la pembeni, anayewahi ndiye anayepata. Watu waliziita mabaki. Wapagazi wa bandarini na wakata mkonge walizigombania kwa viwiko. Mwanamke wa mji, mke wa mfanyabiashara, hakuonekana pale hata siku moja. Dirisha lile lilitazamana na baraza ambalo wazee walinywea kahawa, na mmoja wa wazee hao alikuwa Abdurahmani.

Sada alioga, akavaa kanga mpya. Buibui aliliacha kwenye msumari, ili mtu yeyote asije akadhani ni mwanamke mwingine.

Alipofika, mstari ulikuwa umeshapinda kona. Mpagazi mmoja mwenye mabega mapana alimsogelea kwa adabu. "Pita mbele, mama. Jua kali."

"Ahsante, baba. Nitakaa nilipofika."

Ng'ambo ya barabara vikombe vya kahawa vilisimama hewani. Kisha Abdurahmani akainuka. Alivuka taratibu, kanzu ameinyanyua kwa vidole viwili isiguse vumbi, akakohoa mara mbili kama alivyozoea kila alipotaka kusema neno zito. Lindi nzima ilikijua kikohozi hicho.

"Mama Hasani, twende nyumbani."

"Nitakuja mchezo ukiisha."

"Unanidhalilisha."

"Sikukuita uje. Ulikuwa unakunywa kahawa yako."

Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mtoto anajianika juu ya mbao, na mama yake anapanga foleni kumtazama. Wewe ni mke wa nani?"

"Ni mke wako," Sada alisema, na hakushusha sauti. "Na mtoto ni wako. Na mimi ni Mama Maftaha. Jina hilo ulinivua bila kuniuliza. Leo nimelivaa mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma akaguna, akajizuia. Tangu aolewe, Sada hakuwahi kumjibu mumewe mbele za watu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ukiingia humo," Abdurahmani alisema, "usirudi kwangu."

"Nitarudi. Udongo wa kuta zile niliukanda mimi."

Mzee alisimama kidogo zaidi. Halafu akageuka, akaondoka, wala hakurudi kwenye kahawa.

Dirisha lilifunguliwa na karani wa ukumbi, kijana mnadhifu aliyeitwa Tomaso. Aliuza tiketi chache za viti vya nyuma, mstari ukasogea. Sada alipofika mbele, Tomaso akashika ubao wa dirisha. "Mabaki yamekwisha."

"Yamekwishaje? Hizo mkononi mwako ni nini?"

"Ni za wageni rasmi."

"Wamekuja kuzichukua?"

"Bado."

"Na adhuhuri?"

"Imepita, mama, lakini hivi ni viti vya mbele kabisa. Vina mito. Siwezi kumkalisha pale..." Macho yake yalishuka hadi kwenye miguu ya Sada, iliyojaa vumbi la foleni, na sentensi ikamfia mdomoni.

"Malizia. Huwezi kumkalisha nani?"

"Malizia, bwana!" yule mpagazi alidakia.

Tomaso alianza kuvuta ubao. Sada akaweka mkono wake juu ya kizingiti cha dirisha, vidole vimenyooka.

"Funga," alisema. "Funga na vidole vyangu humo humo. Halafu utaingia ukumbini uwaeleze watu mchezo wa ujamaa unachezwa mbele ya mito mitupu."

Nyuma yake mtu alianza kupiga makofi. Wa pili akafuata. Mara mstari wote ukawa unapiga makofi na kuitikia, "Mabaki! Mabaki!", na watoto wa jirani wakaja mbio wakidhani ni ngoma. Tomaso alitazama mkono ule kizingitini. Haukuondoka. Akafuta jasho, akapokea pesa za mayai, akamkatia tiketi ya mstari wa mbele. Mpagazi naye akapata. Na aliyemfuata, na aliyemfuata.

Ndani, mke wa bwana mmoja mkubwa alivuta gauni lake Sada alipokaa. Sada alimsalimia, akajiweka sawa juu ya mto.

Pazia likafunguka. Wakulima waliingia na vikapu vya korosho, wakiimba. Nyuma yao akaja bepari wao, ndevu za pamba, kanzu ameinyanyua kwa vidole viwili. Akasimama. Akakohoa mara mbili.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nyuma ya ndevu zile alikuwa Maftaha, na Sada alihisi uso ukimwaka. Mtoto anamcheka baba yake, na mji wote unacheka naye! Kwa mara ya kwanza siku ile alijuta kuja.

Lakini aliendelea kutazama. Bepari aliwapunja wakulima, akawafukuza, na mwisho mtoto wake mwenyewe akamwacha, akafuatana nao. Akabaki peke yake jukwaani, anaita jina la mtoto. Hakuna aliyejibu. Aliita tena, sauti imekuwa ya mzee kweli, na vicheko vikafa kimoja kimoja. Alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa kuita mara ya mwisho. Hapo ndipo macho yake yalipomwona mwanamke wa mstari wa mbele, uso wazi, amekaa wima.

Maftaha akasahau maneno.

Watu wakaanza kujigeuza vitini. Nyuma ya pazia Agnes alinong'ona maneno, hayakusikika.

"Sema, mwanangu," Sada alisema, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. "Tunakusikiliza."

Na Maftaha akasema. Alisema hadi mwisho, machozi yakilowesha ndevu za pamba, na ukumbi ukasimama, na mpagazi akapiga mluzi.

Walitoka wote wawili kwa mlango wa mbele, wakapita mbele ya baraza la kahawa. Sada aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa majina.

Njiani akauliza, "Ulikuwa unamcheka?"

"Niliambiwa nicheze mwanamume, mama. Mwendo wa mwanamume mwingine siujui." Maftaha alitembea hatua kadhaa kwa mwendo ule. "Nikiutembea huo, nakuwa kama niko naye."

Jua lilikuwa bado juu ya minazi walipofika. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Sada hakubisha hata mara moja. Alikwenda kwa jirani, akaazima jiko, sufuria, mkeka na samaki wawili, akarudi akatandika kwenye baraza la nyumba yake mwenyewe, akawasha moto. Mafuta yalipoanza kulia, wapita njia walisimama kusalimu. Aliyeuliza huyu ni nani alijibiwa, "Ni Maftaha, binti yetu. Ametoka kazini."

Walikuwa wameshaanza kula komeo lilipovutwa. Abdurahmani alisimama mlangoni. Alimtazama binti yake, ambaye bado alikuwa na uzi wa pamba shavuni.

"Shikamoo, baba," Maftaha alisema.

Mzee aliangalia njia, akaangalia sinia. "Ingieni ndani," alisema mwishowe. "Chakula hakiliwi njiani."

"Leo kinaliwa," Sada alijibu. Alisogeza sinia kidogo, pakapatikana nafasi ya mkono mmoja zaidi, akaendelea kula.