Ndiyo ya Ansbert

Avelina na Ansbert waliishi Tegeta kama mume na mke, wakamlea binti yao Gladness mpaka akaolewa. Ila kanisani, wakati wa komunyo, walibaki benchi la nyuma huku wenzao wakipanga foleni. Ansbert alifunga ndoa ujanani, kwao Bukoba, na mke huyo, Editha, alikuwa hai. Walishaachana, lakini ndoa ya kanisani haivunjwi na kuachana.

Kabla ya Kwaresima ikaja simu: Editha amefariki. Ansbert akaenda kuzika. Huko walimkalisha mbele, kama mume. Aliporudi alimsimulia Avelina hayo tu, kisha akaanza kulala kwenye kochi.

Padre aliwaambia hakuna tena kizuizi. Wakiwa tayari, atatangaza ndoa yao. Akina mama wa jumuiya wakaanza kubishania sare. Avelina akashona gauni.

Jioni moja akamuuliza, "Baba Gladness, Father atangaze Jumapili?"

"Father akisema sawa, ni sawa."

"Padre anashuhudia tu. Tunaooana ni sie. Nataka kusikia kwako."

Ansbert aliinamisha kichwa. "Tulipokuwa tunamfukia, niliona namzika mke wangu. Nilidhani nilishamsahau. Siwezi kusema ndiyo altareni na moyo uko kaburini, Mama Gladness."

"Na mie nilikuwa nani miaka yote hii?"

Ansbert alifunika uso kwa kiganja. Machozi yalimtoka, na Avelina, aliyezoea kumfariji, safari hii hakunyanyuka.

Kesho yake alimpangia nguo kwenye begi, na dawa zake za presha juu. Ansbert akahamia kwa mdogo wake, Chang'ombe.

Jumamosi Avelina alikwenda kuungama; kwa kuwa hawakuishi tena pamoja, Padre alimruhusu kukomunika. Jumapili akasimama kwenye foleni ya komunyo.

"Mwili wa Kristo."

"Amina." Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto.

Nje, jirani yake Tupokigwe alimkumbatia na kupiga vigelegele. "Hongera, dada! Umerudi mezani!"

Avelina akashukuru. Kweli alifurahi, alilitamani jambo hilo tangu Gladness yuko mgongoni. Alirudi nyumbani akapika ndizi, mkono ulishazoea kupikia wawili, zikawa nyingi. Alikula kidogo. Akampigia Gladness, simu ikaita mpaka ikakatika. Akavua viatu vya kanisani, akakaa sebuleni, akiwasikiliza majirani wakicheka ng'ambo ya ukuta.