Sura ya Mifugo Haionekani

Daktari wa mifugo alistaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, na mwaka wa kwanza wote hakujua aifanyie nini mikono yake. Alikaza bawaba za milango yote ya nyumba, hata ile isiyokuwa na kasoro, mpaka mkewe akamwambia basi, maana mlango wa bafu sasa ulikuwa haufungiki. Baada ya hapo akahamia kwenye kiti cha sebuleni. Akawa anasinzia asubuhi, anasinzia mchana, na ukimsalimia anaitikia kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Binti yake, fundi wa miwani, ndiye aliyemtoa pale, na wala hakukusudia.

Mchana binti huyo alikaa kwenye kijichumba nyuma ya duka la miwani, akisaga vioo kwenye jiwe linalozunguka huku maji yakidondoka, akivipima, akivisaga tena mpaka viingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Jioni alikuwa na kazi nyingine isiyo na bosi. Kulikuwa na mchezo wa kompyuta alioupenda, ule wa kujenga dola kuanzia kijiji kimoja: unachimba visima, unafuga, unafanya biashara na majirani, na wakikuchokoza unajihami. Yeye na mwenzake mmoja waliyejuana mtandaoni walikuwa wanautengenezea nyongeza ya Kiswahili. Mwenzake huyo aliitwa Kobe, kwa sababu ujumbe ukimtumia leo atakujibu keshokutwa. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Ndani ya mchezo mlikuwa na ensaiklopidia, yaani kurasa za kumweleza mchezaji kila kitu anachokutana nacho. Siku moja baba yake alipita nyuma ya kiti chake, akasimama.

"Huyo ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe, Baba."

"Na hayo maandishi yanasemaje?"

"Yanasema ng'ombe anaongeza chakula, mbili."

"Mbili nini?"

"Mbili tu, Baba. Ni pointi."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Aliyeandika hapo hajawahi kukamua," akasema. "Nipe daftari."

Alijaza manne. Aliandika kwa miezi minne, mezani, mgongo wima, na mkewe akaanza kulalamika kwamba sasa hata chakula hakimwiti. Aliandika habari za wanyama kumi na wawili, kuanzia bata hadi sungura: wanakula nini, wanaugua nini, utamjuaje aliye na mimba, utamkaribiaje asiyekufahamu. Binti alichapa yote kama yalivyo. Alipokwama kwenye mwandiko alimwita, na mzee alikuja upesi kama kijana, akasoma, kisha akatafuta sababu ya kubaki.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, nyongeza ikawa tayari kujaribiwa. Mzee alivaa shati la kutokea. Akakalishwa mbele ya skrini, binti akamwonyesha pa kubonyeza. Sura ya Majengo ikafunguka, maandishi yamejaa tele. Sura ya Silaha, vilevile. Kisha mzee akabonyeza Mifugo.

Picha ya ng'ombe ilitokea, nzuri, na pembe zake. Chini yake, mahali pa kurasa tatu za mzee, palikuwa na mstari mmoja: MAELEZO_MIFUGO_08. Akabonyeza mbuzi. MAELEZO_MIFUGO_05. Akabonyeza bata, kondoo, punda. Picha na namba, picha na namba.

"Sioni neno langu hata moja," akasema.

"Subiri kidogo, Baba. Kuna kitu tu hakijakaa sawa."

"Haina neno, mama. Haina neno." Akainuka taratibu, akarudi kwenye kiti chake cha sebuleni na shati lake la kutokea.

Binti aliona ni jambo la nusu saa. Akaangalia kama faili la Mifugo lipo kwenye folda: lipo. Akalinganisha jina lake herufi kwa herufi na lile ambalo mchezo unalitafuta: ni hilohilo. Labda mchezo umewekwa kwenye lugha nyingine? Hapana, mbona Majengo yanasomeka. Akafuta kumbukumbu za zamani ambazo mchezo hujiwekea, akauwasha upya. Picha na namba. Akaufuta mchezo wote, akaupakia tena kuanzia mwanzo, kazi iliyomla mpaka jua likawa linazama. Picha na namba. Alimwandikia Kobe, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Kobe akajibu siku ileile: "Hata kwangu Mifugo ni tupu. Na Usafiri pia, sijui tangu lini."

Jikoni, wakikausha vyombo, mama yake alimsogelea.

"Hebu niambie ukweli. Yale maandishi ya baba yako mliyaacha?"

"Tuyaache vipi, Mama? Yamo. Ila hayaonekani."

"Maana yeye anasema huenda ulikuwa unambembeleza tu. Ulimpa madaftari kama mtoto anavyopewa karatasi achorechore, wakubwa wapate nafasi ya kuzungumza."

Binti akaiweka sahani chini. "Amesema hivyo?"

"Hakuninong'oneza mimi. Aliuambia ukuta, mimi nikasikia."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jumatatu alisaga kioo kimoja kikapita kipimo, akakitupa, akaanza upya, jambo lisilokuwa kawaida yake. Jioni alirudi nyumbani, akafungua kompyuta kabla hata ya kubadili nguo.

Alilikata faili vipande viwili, wanyama sita huku, sita kule, akitumaini nusu moja itaonekana. Zote mbili tupu. Akaumba mafaili kumi na mawili, kila mnyama na lake. Safari hii bata alitokea! Maandishi yote, kutoka mdomo hadi mkia. Kuku akatokea, mbwa akatokea, na njiwa, na punda, na sungura. Sita wakabaki tupu: farasi, kondoo, mbuzi, ngamia, ng'ombe na nyuki.

Alikuna kichwa. Pengine maandishi marefu yanakataliwa? Ng'ombe alikuwa na kurasa tatu. Lakini punda naye alikuwa na kurasa mbili na nusu, na punda alikuwa mzima.

Akapiga moyo konde, akaenda sebuleni.

"Baba, nina wanyama kumi na wawili. Sita wazima, sita wagonjwa. Sijui wanaumwa nini."

Mzee hakugeuka mara moja. "Wagonjwa ni wepi?"

Akamtajia.

"Wanakaa pamoja?"

"Walikuwa zizi moja, wote wakalala. Nilipowatenganisha, sita wakasimama."

Mzee akageuka. "Kwa hiyo wale sita wazima walikuwa wazima tangu mwanzo, ila walikuwa wanaangushwa na wenzao."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Umeanza kumpima nani?"

"Ng'ombe. Ndiye mkubwa."

"Kosa la kwanza hilo," akasema daktari, na sauti yake ikawa ile aliyokuwa akizungumza nayo na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. "Mkubwa ana sehemu nyingi za kuficha ugonjwa. Utampapasa mpaka kesho. Mgonjwa mdogo kuliko wote ni nani?"

Binti alifikiri. "Nyuki. Ana sentensi tatu tu."

"Sikuwa nawajua sana nyuki," mzee akakiri. "Twende tukamwone."

Wakakaa bega kwa bega mbele ya skrini. Binti alifuta sentensi ya kwanza ya nyuki, akauwasha mchezo. Tupu. Akairudisha, akafuta ya pili. Tupu. Akairudisha, akafuta ya tatu, na nyuki akatokea na sentensi zake mbili, kama vile hakuwahi kuumwa.

"Ugonjwa uko kwenye ya tatu," mzee akasema. "Isome."

"Asali iliyokomaa hung'aa ukiiinua kwenye mwanga."

"Kuna ubaya gani hapo? Ni kweli."

"Ni kweli, Baba." Binti akaanza kufuta neno mojamoja kutoka mwisho, na kila mara akiuwasha mchezo na kuuzima. "Mwanga" likaenda, hakuna. "Ukiiinua" likaenda, hakuna. Alipofuta "hung'aa", nyuki akafunguka.

Akalitazama lile neno kwa jicho la kazini, jicho linalotafuta mkwaruzo mdogo kuliko unywele. Kisha akapandisha macho mwanzo wa mstari. Kila maelezo kwenye faili yalianza na alama ndogo ya juu na kuishia na alama hiyohiyo. Ndivyo mchezo ulivyojua maandishi yanaanzia wapi na kukomea wapi.

"Ritifaa," akasema polepole. "Baba, ni ritifaa! Ile alama ya hung'aa. Mchezo ukiikuta unadhani sentensi imeishia pale. Kinachofuata hauelewi ni nini, basi unalitupa faili zima."

"Sasa kondoo ana ritifaa gani?"

Wakamfungua kondoo. Mzee alikuwa ameandika kwamba kondoo asichungwe nyuma ya ng'ombe. Mbuzi naye alilinganishwa na ng'ombe. Farasi aling'ata. Ngamia aling'oa miiba. Punda, kwa bahati yake, alikuwa amezungumziwa peke yake kurasa mbili na nusu bila kutajiwa ng'ombe hata mara moja.

"Na kwenye Usafiri?" mzee akauliza.

Binti akaifungua sura aliyoiandika mwenyewe. Sentensi ya kwanza ilisema wafanyabiashara walileta bidhaa kutoka ng'ambo. Akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mzee naye akaanza, cheko la kifuani, na mama akaja mlangoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Alipomweleza Kobe, Kobe akaandika: "Rahisi! Tufute ritifaa zote. Ngombe, ngambo, hungaa. Watu wataelewa. Dakika mbili tumemaliza."

Binti aliusoma ujumbe kwa sauti. Mzee akakunja uso.

"Mwambie hivi. Nimewatibu ng'ombe miaka thelathini na moja. Nimewazalisha kwenye matope na kwenye mvua. Ngombe sijawahi kukutana naye. Akimwona anifahamishe, nitakuja kumtazama."

Binti akaandika kama alivyoambiwa. Kobe akatuma kicheko kirefu, kisha akatuma swali: wafanyeje basi? Ilibidi binti asome maelekezo ya watengenezaji wa nyongeza kwa muda mrefu, mzee akiwa pembeni bila kuelewa hata mstari na bila kuondoka. Dawa ikapatikana: ukiandika ritifaa mbili zinazofuatana, mchezo unaelewa kwamba unataka moja ionekane, na hauishii pale. Akaiamuru kompyuta ibadilishe kila mahali kwa mpigo mmoja. Kwa haraka ya furaha akairudia kwenye sura ya Usafiri bila kujua, na bidhaa zikatoka ng''ambo na alama zake mbili. Mzee ndiye aliyeona. Ikarekebishwa.

Halafu mzee akabonyeza Mifugo, akabonyeza ng'ombe, na kurasa zake tatu zikajitandaza chini ya picha.

Alizisoma zote, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho hakusema zimependeza. Alisema, "Hapa kwenye ndama nimeandika kwa kukimbia. Hilo nitalirudia." Kisha akamwekea binti yake mkono begani, akauacha pale kitambo.

"Mama yako alikwambia nilichosema?"

"Aliniambia."

"Nilikuwa mpumbavu kidogo."

"Ulikuwa umevaa shati la kutokea, Baba. Mimi ningekasirika zaidi."

Nyongeza ilitoka mwisho wa mwezi ule, na watu wakaipakua, si wengi, lakini walikuwepo. Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia kwenye ukurasa wao. Mwandishi hakuulizia mchezo. Alisema amesoma habari za mbuzi kwenye ensaiklopidia, naye anafuga mbuzi wa kweli. Mmoja amezaa watatu asubuhi hiyo, na mtoto wa mwisho amelala tu, hataki kunyonya. Aliyeandika sura ile anaweza kumsaidia?

Binti alimpigia baba yake simu kutoka kazini, jiwe la kusagia bado linazunguka.

"Mwambie aingize kidole kinywani mwa mtoto," mzee akasema bila kusita. "Kuna joto au kuna baridi?"

Jibu likaja: baridi.

"Basi asimlazimishe maziwa. Amkaushe vizuri, amfunge kwenye blanketi, ampashe joto kwanza. Kinywa kikishapata joto, ndipo amkamue mama maziwa yale mazito ya kwanza, ampe kidogokidogo. Umeandika?"

"Naandika, Baba."

"Na umwambie anijulishe kila baada ya saa moja. Nipo."

Saa kumi alasiri mfugaji aliandika kwamba mtoto amesimama, ameanguka, amesimama tena, na sasa yuko chini ya mama yake, mkia unacheza. Binti alimsomea baba yake maneno hayo kwenye simu. Upande wa pili karatasi ikasikika ikifunuliwa.

"Muulize," mzee akasema, "wale wawili wengine wana uzito gani."