Chai ya Kwanza Humwagwa

...na sasa kaimwaga, chai nzima ya moto, kaimwaga juu ya trei ya mbao kama maji ya kuoshea vyombo, huyu mama ana akili timamu kweli, lakini Bi Lin, Mchina aliyefungua duka la chai hapa Kigoma mumewe alipokuja na wajenzi wa barabara, anacheka tu, "Ya kwanza kuosha majani, baba, ya pili ndiyo kunywa," anamimina upya kwenye vikombe vidogo kama vya kunyweshea vifaranga, kimoja kwa Nizigama, kimoja kwa Ndayikunda, halafu anaketi bila kuonja... mbona haonji mtu, kwao Burundi anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza, ujue hakuna sumu, hata mtoto analijua hilo, na aliyemkaribisha Nizigama hapa si Bi Lin, ni Ndayikunda, jirani yao wa kilimani, Ndayikunda ambaye mama yake Nizigama aliugonga mlango wake alfajiri ile wanakimbia vita, akaugonga mpaka akachoka bila kufunguliwa, na moshi wa jikoni ulikuwa unatoka, Nizigama aliuona kwa macho yake, miaka kumi na sita sasa, na leo mtu huyo huyo kavuka mpaka kuja kusema, "Muvandimwe, rudi, shamba la baba yako nimelilima lisigeuke pori," muvandimwe, ndugu, undugu huo umeanza lini... na kambi ya wakimbizi inafungwa, Ijumaa ndiyo mwisho wa kuandikisha wanaorudi, mkewe Leonia keshafunga masufuria, mtoto wao Ella aliyezaliwa kambini anauliza eti kule foleni ya maji ni ndefu kiasi gani, na yeye Nizigama hasemi twende wala tubaki, kwani kurudi ni kulala ukuta kwa ukuta na huyu, na mtu anaweza kukulimia shamba ili uje mwenyewe, akumalize... "Mbona hunywi?" anauliza Ndayikunda, na yeye, "Naisubiri ipoe," uongo mtupu, kikombe kinamchoma vidole na hakiweki chini... ndipo Ndayikunda ananyoosha mkono, anakichukua kikombe hicho, cha Nizigama, si chake, anaonja, anakirudisha, kama wazee wao walivyofanya, na chai inamwagikia meza kwa sababu mkono unatetemeka... kumbe anatetemeka, mwanamume mzima, anamwogopa nani humu ndani, Bi Lin?... anamwogopa yeye, Nizigama, miaka yote hiyo anapalilia maharage kwenye shamba la watu huku akigeuka kutazama njia, asije mwenyewe akatokea na panga, wote wawili hawakuwa na usingizi na yeye alidhani ni peke yake... Bi Lin anainua birika, anauliza aongeze, kikombe kipo vidoleni, hajakinywa, bado kinachoma, na ile hasira aliyotoka nayo kambini, aliyoitunza kuliko karatasi zake za ukimbizi, anaitafuta haioni, anachokiona ni huruma, anamhurumia Ndayikunda, Mungu wangu, na inamuuma kuliko hasira, maana jirani unayemchukia unaweza kumwachia shamba ukabaki ugenini, lakini huyu, huyu sasa itabidi aende akaishi naye.