Mtoto wa Rula

Kiberiti alifukuzwa shule kwa kumpiga mwalimu wa nidhamu kwa kiti. Hakumwumiza sana, kiti chenyewe kilikuwa kibovu, lakini shule nzima iliona, na hilo ndilo lililomponza. Wachache waliuliza nini kilitangulia. Kilichotangulia ni kwamba alikuwa amepigishwa magoti kwenye kokoto, mbele ya mistari yote ya asubuhi, na mwalimu yule akasema kwa sauti ya kutosha kusikika na watu wote, "Baba yako alijua anachokifanya. Alikufa mapema asije akaiona aibu hii."

Baba yake alikuwa hajamaliza hata miezi miwili kaburini.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Rula, kwa ile rula ya chuma ambayo haikubanduka mkononi mwake. Kiberiti alitoka getini siku ile akiwa na mkoba mgongoni na deni moja moyoni, akaapa kwamba atalilipa hata akiwa bibi kizee.

Mama yake, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, alizunguka naye shule moja baada ya nyingine. Kila mahali walikaribishwa vizuri hadi habari ya kiti ilipofika mezani. Mwishowe nesi mmoja akamwelekeza kwenye ghala la zamani nyuma ya kiwanda cha matofali. Watu wa mtaa walipaita shule ya walioshindikana. Mkuu wa hapo, mama wa makamo mwenye sauti nzito ambaye wanafunzi walimwita Shangazi, hakuuliza habari ya kiti. Aliuliza, "Unapokasirika, hasira inaanza wapi? Tumboni au kichwani?"

"Mikononi," Kiberiti akajibu.

"Basi tutaanza na mikono."

Hapakuwa na mistari wala magoti. Asubuhi walikaa duara. Mwenye neno alilisema, asiye nalo alipita. Aliyeanza kuchemka aliruhusiwa kutoka kwenda uani bila kuomba, akapige mfuko wa mchanga uliokuwa ukining'inia pale hadi apoe. Darasani walikuwa wachache kiasi kwamba huwezi kujificha, na mchana kila mmoja alikuwa na ufundi wake. Kiberiti alichagua makochi kwa sababu aliona yana misumari mingi.

"Unapigilia kama una ugomvi nayo," fundi wa makochi alimwambia.

"Kila msumari una jina, fundi."

"Nasikia. Na yote ina jina moja."

Kiberiti alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Muda ulivyokwenda alijifunza kutoka nje kabla hajalipuka, akajifunza kukata sponji bila kubakiza makapi, akarudia hesabu alizokuwa amezitupa. Mama yake akaanza kulala usingizi. Lakini kisasi si ndizi, hakiozi kwa kukaa. Alikiweka tu mahali pakavu.

Kisha akaja yule binti.

Alikuwa wa rika lake, mwembamba, mabega yameinama kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Katika duara hakusema neno. Shangazi alieleza tu kwamba mwenzao alikuwa ameacha kwenda shule, mbele za watu sauti yake inakataa kutoka, na hapa hakuna atakayemlazimisha. Wakampa jina la Mkimya. Jioni Kiberiti alimwona akitembea hadi kona ya kiwanda, mbali na geti, na huko kulikuwa na gari linamsubiri na vioo vimepandishwa. Mlango ulipofunguliwa, aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Rula.

Kiberiti alisimama pale hadi vumbi la gari likatulia. Mungu, aliwaza, amemleta huyu mkononi mwangu.

Kesho yake aliomba Mkimya awekwe kwenye meza yake. Shangazi alimtazama kidogo, akakubali. Kiberiti hakuwa na haraka. Alimpa nyundo nyepesi, akamwonyesha kushika msumari bila kujigonga kidole, akawa anaongea peke yake kwa niaba ya wote wawili. Siku moja Mkimya akanong'ona, "Umevuta upande mmoja sana." Na kweli, kitambaa kilikuwa kimekwenda kombo. Tangu hapo akawa anaongea, na Kiberiti peke yake, kwa sauti ya chini kama maji ya bomba lililofungwa vibaya.

Kidogo kidogo yote yakatoka. Nyumbani nako kulikuwa na rula. Baba alikuwa amewaambia wenzake kazini kwamba binti yake yuko shule ya bweni, mbali, na anaongoza darasa. Ndiyo maana gari lilisimama kona. Kiberiti alisikiliza kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli, lakini chini yake kitu kingine kilikuwa kinanoa meno.

Ndipo Shangazi alipotangaza kwamba watapata wageni. Mkuu mpya wa ile shule kubwa iliyomfukuza Kiberiti alikuwa amechoka kuona watoto wakifukuzwa, akataka kuja na walimu wake kuona hapa mambo yanaendeshwaje. Kiberiti aliinua mkono kabla Shangazi hajamaliza. "Mimi nitawatembeza."

"Una hakika? Baadhi yao unawajua."

"Ndiyo maana, Shangazi. Waone nilivyobadilika."

Mkimya naye alimletea habari mezani. "Baba amesema siku hiyo nisije. Nijifanye naumwa."

"Wageni hawafiki karakana," Kiberiti akasema, akikata uzi kwa meno. "Wataishia ofisini na madarasani. Njoo tumalize kochi letu. Mimi ndiye ninayewatembeza, ningekudanganya?"

"Kweli?"

"Kweli."

Kochi lenyewe lilikuwa la watu wawili, la kijani, wamelianza kutoka mbao tupu. Kiberiti hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Wageni walifika asubuhi wakiwa wanane, Rula akiwa nyuma yao, suti imepigwa pasi. Alipomwona Kiberiti, shingo ilimkakamaa. Kiberiti alimwamkia kwa adabu zote. Aliwapitisha madarasani, akawaonyesha mfuko wa mchanga, akawachekesha. Mkuu wa shule kubwa, mwanamke mrefu mwenye miwani, akasema, "Huyu ndiye mliyemfukuza?" Rula akajikuna kidevu.

"Tumebakiza karakana," Kiberiti akasema, akasukuma mlango.

Mkimya alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, misumari midomoni. Aliinua uso. Rangi yote ikamtoka.

"Huyu ndiye fundi wetu bora," Kiberiti alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotarajia. "Mwalimu, hebu mtambulishe kwa mkuu wako. Wewe unamjua vizuri."

Rula alimtazama binti yake. Wenzake wote walikuwa wanamtazama yeye. "Hapana," akasema. "Sijawahi kumwona."

"Hujawahi kumwona mwanao?"

 Mkuu wa shule kubwa alitazama uso wa binti, kisha uso wa baba, na ilikuwa pua ileile, paji lilelile. "Mwalimu," akasema polepole, "si ulituambia yuko bweni?"

Rula alirudi hatua moja nyuma. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Mwalimu mmoja nyuma aliguna, mwingine akageuka dirishani kuficha kicheko. Na Kiberiti akaionja aibu ile. Ilikuwa tamu, asikudanganye mtu kwamba kisasi ni kichungu. Ilikuwa tamu hadi kwenye vidole vya miguu. Mtu yule alikuwa anapungua mbele ya macho yake kama sabuni kwenye maji ya moto.

Kisha akamwangalia Mkimya, apate mtu wa kufurahi naye. Mkimya hakuwa akimtazama baba yake. Alikuwa anamtazama yeye. Akatema misumari kiganjani, akaiweka chini taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wageni walipoondoka, Shangazi alimwita ofisini. Kiberiti alikuja na mkoba wake kabisa.

"Unanifukuza?"

"Ningekufukuza ungepumzika. Utabaki, na kila siku utakaa kwenye ile meza, na kiti cha mwenzako kikiwa kitupu mbele yako."

Nyumbani alimsimulia mama yake. Mama aliacha kukunja nguo, akasikiliza hadi mwisho, kisha bila kutaka akacheka. "Mungu anisamehe," akasema, akijifuta macho. "Ningelipa nauli nikaone." Akarudia kukunja. Baada ya muda akauliza, "Lakini yule binti alikukosea nini?"

Kiberiti alichukua nguo moja, akaanza kukunja naye.

Mkimya alirudi baada ya wiki kadhaa, akiletwa na mama yake mdogo, ambaye alikuwa amemchukua akaishi kwake. Alikaa kwenye duara. Zamu ilipomfikia, watu wakawa tayari kuipitisha, kama kawaida.

"Nina neno," akasema.

Sauti ilitetemeka, lakini ilifika kila kona.

"Baba alinikana kwa sababu ya aibu. Yeye nilijua atanikana. Wewe," akamgeukia Kiberiti, "wewe sikujua. Ulinifundisha kuongea ili upate cha kumpigia."

Akainuka, akaingia karakana, wote wakimfuata. Alichukua kisu cha kukatia sponji. Akalichana kochi la kijani kutoka mgongo hadi kiti, akalichana mara ya pili kwa upana, akavuta sponji nje kwa mikono miwili. Fundi alisogea, Shangazi akamshika mkono. Kiberiti alihisi mikono yake inawaka. Kazi yake yote ilikuwa pale, matumbo nje. Alikunja ngumi. Uani palikuwa hatua chache tu, angeweza kutoka. Hakutoka. Alisimama akatazama hadi mwenzake alipomaliza, akaweka kisu mahali pake, na kupumua kama mtu aliyetua ndoo.

Rula aliondolewa kwenye nidhamu. Walisema sasa anafundisha jiografia bila kitu mkononi, na ukimwamkia anajibu huku anatazama chini. Kiberiti alipozisikia habari hizo alifurahi, na hakujisumbua kujikatalia furaha hiyo. Mkimya alihamia meza ya dirishani, akampa mgongo. Katika duara aliongea, mara nyingine kwa ukali, na hakuna aliyemwita Mkimya tena, ila jina jipya hawakuwa wamelipata.

Kiberiti alilianza kochi upya, peke yake, kutoka mbao. Alasiri moja kivuli kikaangukia kazi yake.

"Umekunja pembe vibaya," binti yule akasema.

"Nionyeshe."

"Jionyeshe mwenyewe."

Akarudi dirishani kwake. Kiberiti aliitazama ile pembe. Ilikuwa kweli. Akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari.