Ngitili Iliyohamia kwa Loveness

Jumanne asubuhi Scolastika alikuwa mlangoni anamsuka binti yake, Loveness, akakuta jani la nyasi katikati ya nywele. Akalivuta. Mtoto akalia, maana lilikuwa na mizizi.

Familia yao, kijijini njia ya kwenda Geita, ilikuwa na ngitili, malisho ya akiba yanayofungwa mvua zikianza ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Nyasi za kila namna ziliota humo. Chini yake zilipita nyuzi nyeupe za ukungu, zikishikanisha mizizi, nyasi hii ikiilisha ile. Shemeji yake Scolastika, Jilala, akawapa wachimbaji wadogo nusu wafanye mwalo wa kuoshea dhahabu. Wakamwaga zebaki. Ikabaki nyasi aina moja, ile ambayo hata punda haigusi.

Baada ya hapo Scolastika alichota karai moja la udongo ule ili aje kuotesha ngitili upya, akaliweka kando ya mkeka wa mtoto. Bibi yake alimfundisha kwamba mbegu ya ngitili haishiki bila udongo wake. Kosa lake ndilo hilo: udongo alichukua, nyasi hakuchukua. Nyuzi zikatafuta mizizi wiki nzima, zikakuta nyayo za Loveness.

Kufika Ijumaa Loveness alikuwa na aina kumi na mbili kichwani. Njaa hakuisikia tena. Mikono ikaanza kumtetemeka, kwa sababu nyuzi zile huleta chochote kilichomo udongoni, hazichagui.

Mama yake akampeleka ofisi ya kijiji. Jilala alikuwepo.

"Shemeji, mwangalie mtoto. Hiyo ni zebaki ya mwaloni kwako."

Jilala akampapasa Loveness kichwani. "Hii si ile ya kuezekea? Nilijua imeisha. Sasa Mama Loveness unalia nini, na mali imepatikana?"

Mwenyekiti, Magesa, akahesabu nyasi moja moja. Akaandika kwamba ngitili haijapotea, imehamia kwa mtoto, kwa hiyo nusu iliyobaki ni eneo wazi, wachimbaji wapewe.

"Na mikono yake?"

"Hilo la zahanati, mama."

Mwenye mtoto karibu na mwalo asimwache atembee peku. Scolastika huwaambia hivyo wanawake kisimani, nao huitikia, wanajitwisha ndoo, wanaondoka.

Wiki iliyopita mvua zilianza. Magesa alikuja na matawi ya miiba, akazungushia mkeka wa Loveness kama desturi ya kufunga ngitili inavyotaka. Mama yake humpitishia maji kwenye upenyo. Kiangazi itafunguliwa, na Jilala ameshasema ng'ombe wake ndio watakaotangulia.