Ghala la Watoto wa Grand Prairie

Badria Mbarak alifundisha chekechea Malindi kwa miaka kumi na mmoja kabla hajahamia Texas na mumewe. Alipofika Grand Prairie, cheti chake cha ualimu hakikumsaidia kitu. Akaanza kazi ya kurudisha vitabu rafuni katika tawi dogo la maktaba, na baada ya miaka minne akapandishwa kuwa msaidizi wa sehemu ya watoto.

Mwezi wa Januari mwaka 2006, tawi liliondoa rafu za ensaiklopidia ambazo hakuna aliyezifungua tena. Palibaki nafasi tupu, ukubwa wa sebule ya kawaida. Meneja wa tawi, Mmarekani aliyeitwa Darlene, alimwita Badria akamwonyesha.

"Nataka pawe mahali pa watoto ambao bado hawajajua kusoma," Darlene alisema. "Wacheze, na katika kucheza wakutane na herufi. Wewe ulikuwa mwalimu wao huko kwenu. Papange wewe."

Badria alifurahi kupita kiasi. Kwa wiki nzima alipekua katalogi za samani za watoto akiwa mezani nyumbani, mpaka mumewe akamuuliza kama chakula cha jioni nacho kitatoka humo. Mwishowe aliagiza jiko dogo la mbao, matunda ya plastiki, sahani, na zulia lenye herufi zote ishirini na sita. Kando ya jiko aliweka rafu ya vitabu vya kurasa ngumu. Mwezi wa Machi kona ikafunguliwa.

Watoto walikuja kwa wingi. Waligombania sufuria, walirushiana ndizi za plastiki, na walilikanyaga lile zulia kama wanavyokanyaga zulia lolote. Hakuna aliyeangalia herufi. Vitabu vilibaki vimesimama wima, vipya vilevile. Wazazi walikaa kwenye viti vya dirishani, mbali kidogo, wengi wao wametoka kazini asubuhi ile au wanajiandaa kuingia mchana. Baadhi walisinzia.

Badria hakumwambia Darlene kitu. Alinunua daftari, na kwa wiki mbili aliandika alichokiona: nani amekuja, ameshika nini, amekaa nacho kwa muda gani. Ilimuuma kuyaandika. Ukurasa kwa ukurasa, ilikuwa ni sufuria, sufuria, ndizi, kulia, sufuria.

Isipokuwa mtoto mmoja.

Alikuwa msichana wa miaka minne, jina lake Zoé. Alikuja kila Jumanne na Alhamisi asubuhi na baba yake, Siméon, Mkongo kutoka upande wa Uvira. Mama yake alifanya kazi tangu asubuhi hadi saa nane mchana katika nyumba ya kulelea wazee, na baba aliingia kazini saa tisa alasiri, kwa hiyo asubuhi zilikuwa za baba. Zoé hakuzungumza na mtu maktabani. Badria alimsalimia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, akapata macho tu.

Zoé hakugusa jiko. Alikwenda kwenye rafu, akatoa vitabu kimoja kimoja, akavipakia kwenye kitoroli cha kurudishia vitabu. Akachukua ndizi ya plastiki, akailenga kwenye mgongo wa kila kitabu na kusema kwa sauti ndogo, "Bip." Kisha akakisukuma kitoroli hadi mwisho wa rafu, akavipanga vitabu upya, akarudi kuanza tena. Nusu saa nzima.

Badria aliandika: anaiga wafanyakazi wa kaunta ya kuazimia. Alhamisi iliyofuata alimwendea baba yake dirishani.

"Baba Zoé, habari za asubuhi. Naona binti yako anapenda kazi yetu. Anaazimisha vitabu kutwa."

Siméon aliinuka haraka, kama mtu aliyeshikwa na kosa. "Pardon, mama. Nilimukataza. Nilimuambia bitabu hapana kuchezea."

"Simlalamikii. Nimependa."

"Na haiko kazi yenu anafanya," alisema, sasa akitabasamu kwa aibu. "Iko yangu. Miye natumika ku depo, ghala ya kule karibu na barabara kubwa. Siku moja walifungua mulango kwa familia, akaona namna tunapitisha ile mashine ya kusoma alama ku karto, ku makasha. Bip, bip. Kutoka siku ile, ku nyumba hakuna kitu hajapitisha."

"Na akishapitisha, anajua pa kukiweka?"

"Anajua. Karto inakuwa na alama. B, kumi na ine, tatu. B ni safu, kumi na ine ni fasi, pahali ku safu, tatu ni gorofa ya rafu. Nilimuonyesha." Akasita. "Kiingereza sijui kusoma, mama. Lakini ile alama nasoma mbio kupita wote pale."

Badria alirudi kwenye meza yake na kufungua daftari, lakini hakuandika. Alikuwa anawahesabu kichwani wazazi wa dirishani. Yule Mmeksiko mwenye mapacha, ghala. Mama wa yule mtoto mwenye miwani, ghala. Siméon, ghala. Pande zile za mji, kati ya Dallas na Fort Worth, karibu kila familia ilikuwa na mtu anayepakia au kupakua.

Siku ileile alimwendea Darlene, akampa daftari lote alisome. Kisha akasema anataka kuliondoa jiko na kutengeneza ghala: rafu fupi zenye safu za herufi, makasha, vitoroli, karatasi za oda.

Darlene alilisoma, akalifunga. "Kuhusu jiko nakubaliana na wewe," alisema. "Lakini ghala, Badria? Wazazi hawa wametoka huko wamechoka. Tuwape watoto wao kitu cha kuota. Bustani. Chombo cha anga."

"Chombo cha anga hakuna mzazi hapa atakayejua kumwelezea mtoto," Badria alisema. "Ghala wanalijua. Watakuwa na la kusema."

Darlene alimpa mwezi mmoja wa kujaribu.

Jumanne, Badria alimweleza Siméon, akitarajia atafurahi. Siméon alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni.

"Mama Badria," alisema, "miye nilikuwa mwalimu wa esabu kule kwetu. Vita ikatukimbiza, tukaikala ku kambi miaka saba. Sasa nabeba karto. Ni sawa, nalisha familia yangu. Lakini sikukuya huku ili mutoto wangu acheze kubeba karto."

"Sikukusudia hivyo."

"Najua. Lakini ni vile itaonekana."

Alimwita Zoé, akamvalisha koti, wakaondoka. Alhamisi hawakuja. Jumanne iliyofuata hawakuja. Badria alijilaumu. Alikuwa ameona mtu akieleza kazi yake kwa fahari kidogo, akadhani fahari ile ni yote iliyomo. Nambari ya simu yao ilikuwa kwenye kompyuta ya maktaba, lakini aliona si haki kumpigia mtu kumbembeleza kwa jambo kama lile. Aliendelea na kazi kwa kuwa mwezi ulikuwa unakwenda. Fundi wa maktaba alikata rafu tatu ziwe fupi. Badria alikusanya makasha matupu, akashona vifuko vya kitambaa vya mchele, maharage, sabuni na karoti, akajaza pamba. Kwenye kila kifuko aliandika jina kwa Kiingereza na kwa Kispania. Juu ya kila safu akaning'iniza herufi kubwa ya rangi kwa uzi kutoka darini. Alipomaliza alisimama mlangoni kutazama, akaridhika.

Alhamisi, Siméon aliingia na Zoé.

"Mama yake amenituma," alisema bila salamu ndefu. "Ku nyumba hatupumui. Masahani yote iko ku kitanda, anasema ni safu B."

Zoé alikuwa ameshaiona kona. Alisimama katikati ya rafu, akazungusha kichwa huku na huku, akitafuta kitu, na hakukipata. Akachukua kifuko, akakirudisha.

Siméon alimtazama bintiye, kisha akatazama darini. Akapiga magoti nyuma ya Zoé, kichwa chake kikawa sawa na cha mtoto.

"Mama, kuya hapa," alisema. "Ikala chini."

Badria alipiga magoti pia, gauni lake refu likimsumbua. Kutoka pale chini herufi zilikuwa makaratasi yanayoning'inia mbali, ukiyaona ubavuni tu.

"Ku depo, alama inakuwa fasi mukono inafika," Siméon alisema. "Mutu anasoma na anaweka, mara moja. Ukimutuma kutafuta herufi mbinguni, anasahau alibeba nini."

Walizikata nyuzi saa ileile. Siméon alizigandisha herufi kwenye ukingo wa kila rafu, usawa wa kifua cha mtoto, na nyingine kama hiyo ubavuni mwa kila kasha. Zoé alimpelekea gundi. Kazi ilipokwisha, Siméon alisimama, akajipangusa magoti, akaangalia viti vya dirishani.

"Na miye nitaikala wapi?" aliuliza.

"Viti si vile pale?"

"Pale sisikii mutoto. Na yeye akitaka kuuliza kitu, atavuka chumba yote?"

Badria alikuwa amepima upana wa njia za vitoroli, urefu wa rafu, hata ukubwa wa makasha. Mtu mzima hakuwamo kabisa kwenye mpango wake. Kesho yake alimwomba fundi benchi mbili za mbao ziingie katikati ya rafu, fupi, lakini si fupi kiasi cha mtu aliyechoka kushindwa kuinuka. Siméon aliomba jambo moja zaidi: kwamba kila kifuko kiandikwe kwa Kiswahili pia. Hapo wakabishana kidogo. Badria alitaka maharagwe, Siméon akasema kwao ni maharagi na hiyo "we" hajawahi kuila. Wakaandika maharage, neno lisilokuwa la yeyote kati yao.

Wazazi walianza kuhamia kwenye benchi wenyewe, bila kuambiwa. Yule baba wa mapacha aliwaeleza wanawe kwa Kispania kwamba kitoroli hakisukumwi mbio penye kona. Mama mmoja aliwachorea watoto karatasi za oda: picha ya karoti, chini yake neno. Watoto walisoma oda kwa namna yao, wakatafuta kasha lenye herufi ya kwanza ya neno, wakapakia. Walipopewa penseli, walianza kuandika oda zao, mistari na viduara, na wakadai zisomwe. Zoé alifanya kazi kuliko wote, na bado hakusema neno ila "bip".

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, alikuwa anapanga na msichana wa miaka mitano, Marisol, na mwenzao mmoja aliyeitwa Tadeo. Marisol alikuwa ameshika kifuko cha mchele akakitia kasha la R. Zoé alikitoa, akakitia kasha la M. Marisol akakirudisha.

"R," Marisol alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama anaongea na mtoto mdogo. "Rice. R."

"No!" Zoé alipiga kelele mpaka watu wa kaunta wakageuka. "Mchele! Mchele ni M! Umm! Umm!"

"Arroz," Tadeo alisema. "A."

Badria alianza kuinuka. Siméon, aliyekuwa benchi ya pili, alimwashiria kwa kiganja: waache.

Wale watatu walivutana, kila mmoja akionyesha kidole kwenye kifuko kilekile chenye maneno matatu, na kila mmoja kidole chake kilikuwa kwenye neno sahihi. Mwishowe Marisol alikwenda kuchukua karatasi mezani. Wakakunja vifuko viwili vya karatasi, hivyo vifuko vya mchele vikawa vitatu. Marisol akaandika R, Tadeo akaandika A. Zoé alikichukua kile cha kitambaa, akaona neno lililokwisha kuandikwa na watu wengine halimtoshi, akaandika M yake juu yake kwa penseli. M yenyewe ilikuwa na miguu mitano.

Siméon alipangusa uso kwa kiganja. "Amesema," alimwambia Badria.

"Amegomba," Badria alisema.

"Bon. Amegomba."

Darlene, aliyekuwa ameongeza mwezi wa pili wa majaribio, hakungoja uishe. Alikuja mwenyewe, akakaa benchi kwa saa moja, akatuma oda ya karoti, akaletewa sabuni. Aliandika kwenye ripoti yake kwamba kona itabaki. Kuhusu chombo cha anga, yeye na Badria hawakukubaliana hata baadaye; aliendelea kuamini watoto wanastahili kitu kikubwa zaidi, na Badria hakuona ubaya wa mtu kuamini hivyo.

Siméon hakubadilisha maneno yake kuhusu ghala. Ila mwaka uliofuata alijiandikisha katika darasa la Kiingereza la Jumatano, ghorofa ya juu ya jengo lilelile, na mwaka 2008 akapata kazi ya kusaidia walimu wa hesabu katika shule moja mjini Mesquite, upande wa pili wa Dallas. Familia ikahamia huko. Zoé alikuwa tayari anasoma vitabu vya kurasa laini na kuwasomesha wadogo kwa ukali.

Mwaka huohuo alikuja msimamizi wa maktaba kutoka Pearland, kusini ya Houston, mwanamke wa Kihaya aliyeitwa Clothilde. Alipima rafu, akapiga picha, akauliza wapi angenunua ghala kama lile.

"Usinunue," Badria alimwambia. "Wazazi wa kwenu wanafanya kazi gani?"

"Hospitali. Karibu wote."

"Basi anzia kwao."

Baada ya miezi sita Clothilde aliandika barua. Walikuwa wametengeneza wodi yenye vitanda vinne vya wanasesere, na ubao wa majina ukutani, chini, usawa wa watoto. Sindano za plastiki, aliandika, zilisahaulika siku ya pili. Watoto walikuwa wanapanga foleni kumwandika mgonjwa jina, na wagonjwa walikuwa wanalazwa upya kila asubuhi ili waandikwe tena.